Aliyeumwa na Nyoka: Chanzo cha Uhasama wa Dola Kuu Mbili na Hofu ya Ukomunisti



Wazee wetu wanaikumbuka miaka ambayo mtu aliyepokea kitabu kutoka Moscow aliitwa mkomunisti, na aliyepata nafasi ya masomo Marekani akaitwa kibaraka wa mabeberu. Majina hayo yalitolewa upesi, na kuyafuta kulikuwa kazi kubwa. Somo hili linaeleza yalikotoka. Tunashauri lisomwe kwa sauti katika kikundi cha mafunzo, sehemu baada ya sehemu, na maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe kabla ya kufunga kikao.

1. Maana ya Vita Baridi

Vita Baridi ni uhasama uliokuwapo kati ya Marekani na Muungano wa Kisovieti, ambao wengi wetu tuliuita Urusi tu, tangu kwisha kwa Vita Kuu ya Pili mwaka 1945 hadi Muungano huo ulipovunjika mwaka 1991. Viliitwa baridi kwa sababu dola hizo mbili hazikutangaziana vita wala kupeleka majeshi yao kupambana waziwazi. Lakini kwa watu wa Korea, Vietnam na Angola vita hivyo vilikuwa moto wa kweli, maana wakubwa walishindana katika ardhi ya watu wengine.

Wako wasemao kwamba chanzo chake kilikuwa tamaa ya wakomunisti ya kuitawala dunia. Wako wasemao kwamba kilikuwa tamaa ya mabepari ya kupata masoko. Kila kauli ina sehemu ya ukweli. Hata hivyo, tamaa peke yake haielezi kwa nini watu walioshirikiana kumshinda Hitler walishindwa kuaminiana hata miaka miwili baada ya ushindi. Kwa hiyo somo letu litashika uzi mmoja tu, nao ni hofu. Wahenga walisema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tuone basi kila mmoja wa hawa wawili aliumwa na nyoka gani.

2. Kila mmoja na kovu lake

Warusi walikuwa wamevamiwa kutoka magharibi mara nyingi. Napoleon aliwaingilia mwaka 1812. Wajerumani walipigana nao tangu mwaka 1914, kisha wakarudi tena tarehe 22 Juni 1941. Isitoshe, baada ya mapinduzi ya mwaka 1917, Uingereza, Ufaransa, Marekani na Japani zilipeleka askari katika nchi hiyo na kuwasaidia maadui wa serikali mpya ya Wabolsheviki. Katika Vita Kuu ya Pili watu wapatao milioni 27 wa Muungano wa Kisovieti walipoteza maisha. Vijiji na miji isiyo na idadi iliteketezwa. Kwa hiyo Stalin alipotazama ramani mwaka 1945, aliiona Poland kuwa mlango ambao adui hupitia, akakusudia kuushika ufunguo wake mwenyewe.

Nchi za Magharibi nazo zilikuwa na kovu lao. Wabolsheviki walikataa kulipa madeni ya serikali ya mfalme, na mwaka 1919 wakaanzisha huko Moscow jumuiya ya vyama vya kikomunisti iliyotangaza wazi shabaha ya kueneza mapinduzi duniani. Marekani haikuitambua serikali yao mpaka mwaka 1933. Kisha yakaja mambo mawili yasiyosahaulika. La kwanza ni mapatano ya Munich ya mwaka 1938, ambapo Uingereza na Ufaransa zilimwachia Hitler sehemu ya Czechoslovakia kwa matumaini ya kununua amani. Amani hiyo haikutimiza mwaka mmoja. La pili ni mkataba wa Agosti 1939 kati ya Hitler na Stalin, uliofuatiwa na kugawanywa kwa Poland baina yao. Viongozi wa Magharibi wakajifunza jambo moja: usimwachie mtawala wa mabavu hata hatua moja, maana ataomba ya pili.

Tazama sasa hatari iliyokuwamo. Mmoja aliamini kwamba usalama wake utapatikana kwa kuzishika nchi jirani. Mwingine aliamini kwamba kila anayezishika nchi jirani ni Hitler mpya. Kila mmoja aliliona kovu lake mwenyewe, asilione la mwenzake.

3. Azimio lenye maana mbili

Mwezi wa Februari 1945 Roosevelt wa Marekani, Churchill wa Uingereza na Stalin walikutana Yalta, katika Krimea. Walikubaliana kwamba Poland ifanye uchaguzi huru mapema iwezekanavyo. Stalin, kwa upande wake, alishikilia kwamba serikali ya Poland lazima iwe rafiki wa Urusi. Lakini Wapolandi wengi, wakiyakumbuka ya mwaka 1939, wasingechagua serikali ya namna hiyo kwa hiari yao. Wakubwa hao walitia sahihi maneno ambayo kila upande uliyasoma kwa miwani yake. Uchaguzi ulipofanyika Januari 1947 chini ya serikali iliyoshikwa na wakomunisti, haukuwa huru. Magharibi wakasema wamedanganywa.

Katibu yeyote aliyewahi kuandika muhtasari wa mkutano anaujua ugonjwa huu. Azimio likipitishwa kwa maneno yasiyo wazi ili kikao kifungwe kwa amani, ugomvi hauondoki; huahirishwa tu, na hurudi umenenepa.

Roosevelt alifariki tarehe 12 Aprili 1945, na Truman akashika mahali pake. Mwezi wa Mei, mara baada ya Ujerumani kusalimu amri, Marekani ilikata ghafla misaada iliyokuwa ikipelekwa Urusi, hata meli nyingine zikaamriwa kurudi. Ingawa amri hiyo ilipunguzwa makali upesi, Stalin aliihesabu kuwa dharau. Katika mkutano wa Potsdam, tarehe 24 Julai, Truman alimdokezea kwamba Marekani imepata silaha mpya yenye nguvu isiyo ya kawaida. Tarehe 6 Agosti bomu la atomiki likaangushwa Hiroshima, na siku tatu baadaye jingine likaangushwa Nagasaki. Ndugu zetu wa Katanga wana sehemu katika habari hii bila ya kuulizwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani katika kazi hiyo ilichimbwa Shinkolobwe, katika Kongo iliyokuwa chini ya Wabelgiji. Stalin aliona kwamba mwenziwe ameshika upanga ambao yeye hana, akawahimiza wataalamu wake wautengeneze wao pia.

4. Taarifa mbili za mwaka 1946

Mwaka 1946 ziliandikwa taarifa mbili ambazo kila mwanakikundi afaa kuzijua. Tarehe 22 Februari, George Kennan, ofisa wa ubalozi wa Marekani mjini Moscow, alipeleka Washington simu ndefu sana ya maandishi. Alieleza kwamba watawala wa Urusi wanasukumwa na woga wa tangu zamani dhidi ya ulimwengu wa nje, kwamba hawaamini kuwa amani ya kudumu na mabepari yawezekana, na kwamba watarudi nyuma pale tu watakapokutana na nguvu imara. Tarehe 27 Septemba, balozi wa Muungano wa Kisovieti mjini Washington, Nikolai Novikov, alipeleka taarifa yake Moscow. Naye alieleza kwamba Marekani inakusudia kuitawala dunia, na akataja vituo vyake vya kijeshi vilivyotapakaa mbali na mipaka yake kuwa ushahidi.

Zilinganisheni taarifa hizi mbili. Kila mwandishi alikuwa mtu mwenye akili, na kila mmoja alitaja mambo ambayo kweli yalikuwapo. Lakini kila mmoja aliwaandikia wakubwa wake kwamba matendo ya upande wa pili ni ya kushambulia, na wala hakueleza kwa kirefu jinsi matendo ya upande wake yanavyoonekana kutoka ng'ambo. Katikati ya taarifa hizo, tarehe 5 Machi, Churchill alihutubia Fulton, katika jimbo la Missouri, akasema kwamba pazia la chuma limeshuka kuikata Ulaya vipande viwili. Stalin akamjibu hadharani kwa kumfananisha na Hitler. Tangu hapo maneno yalikwisha kuwa silaha.

5. Hofu yawa siasa ya serikali

Mambo yalifuatana kwa haraka, nasi tutayapanga kwa tarehe.

Machi 1947: Uingereza, iliyokuwa imefilisika kwa vita, ilikuwa imekwisha kuiarifu Marekani kwamba haiwezi tena kuisaidia serikali ya Ugiriki, iliyokuwa ikipigana na wakomunisti, wala Uturuki. Tarehe 12 Machi, Truman aliliomba bunge lake dola milioni 400 kwa ajili ya nchi hizo mbili. Alisema lazima Marekani izisaidie nchi huru zinazopinga kutiishwa. Kwa maneno hayo jambo la Ugiriki likafanywa kuwa jambo la dunia nzima.

Juni 1947: Waziri George Marshall alitangaza mpango wa kuijenga Ulaya upya. Mpango huo uligharimu karibu dola bilioni 13 katika miaka minne. Warusi walialikwa, lakini Waziri wao Molotov aliuacha mkutano wa Paris, kwa kuona kwamba fedha hizo ni kamba ya kuwafunga. Czechoslovakia na Poland zilizokwisha kuonyesha nia ya kushiriki zililazimika kujitoa.

Februari 1948: Wakomunisti walishika madaraka yote mjini Prague. Watu wengi wa Magharibi waliokuwa wakisitasita waliacha kusita.

Juni 1948: Sarafu mpya ilipoanzishwa upande wa magharibi wa Ujerumani, Stalin alifunga barabara na reli zote za kwenda Berlin Magharibi. Kwa miezi kumi na moja hivi, hadi Mei 1949, chakula na makaa ya mawe vilipelekwa mjini humo kwa ndege.

1949: Mwezi wa Aprili nchi za Magharibi ziliunda jumuiya ya kijeshi ya NATO. Tarehe 29 Agosti Urusi ililipua bomu lake la kwanza la atomiki. Tarehe 1 Oktoba Mao Zedong alitangaza Jamhuri ya Watu wa China. Mwezi wa Juni 1950 Korea Kaskazini iliivamia Korea Kusini, na vita baridi vikawaka moto.

Katika orodha hii kila hatua ilikuwa jibu la hatua iliyotangulia, na kila aliyejibu alisema anajilinda.

6. Hofu yaingia nyumbani

Hofu ya adui wa nje haikai mpakani. Huingia mpaka jikoni. Siku tisa tu baada ya hotuba yake ya Machi 1947, Truman alitoa amri ya kuchunguza uaminifu wa watumishi wote wa serikali kuu. Mamilioni ya watumishi walichunguzwa. Aliyetuhumiwa mara nyingi hakuambiwa ni nani aliyemshitaki, basi angewezaje kujitetea? Kuhudhuria mkutano fulani miaka kumi nyuma kulitosha kumpotezea mtu kazi. Katika miaka ya 1949 na 1950 shirikisho moja kubwa la wafanyakazi wa Marekani, CIO, lilivifukuza vyama vyake kumi na kimoja kwa madai kwamba vinaongozwa na wakomunisti.

Mwezi wa Februari 1950, Seneta Joseph McCarthy alitangaza katika mji wa Wheeling kwamba anayo orodha ya wakomunisti walioko katika Wizara ya Mambo ya Nje. Idadi aliyoitaja ilibadilika hotuba hata hotuba, naye hakuthibitisha. Hata hivyo aliogopwa kwa miaka minne, kwa sababu aliyemuuliza ushahidi alijitia mwenyewe katika tuhuma. Baraza la Seneti lilimkemea rasmi Desemba 1954.

Haki yatutaka tuseme pia kwamba hofu hiyo haikuwa ndoto tupu. Wapelelezi walikuwako. Klaus Fuchs, mwanasayansi aliyefanya kazi katika utengenezaji wa bomu, alikiri mwaka 1950 kwamba aliwapa Warusi siri zake. Makosa ya wakati ule hayakuwa kuwatafuta wapelelezi. Makosa yalikuwa kuifanya tuhuma ichukue mahali pa ushahidi.

Wala tusidhani kwamba upande wa Mashariki ulikuwa salama zaidi. Huko hofu ya mawakala wa mabepari iliua. Baada ya Stalin kugombana na Tito wa Yugoslavia mwaka 1948, wakomunisti wenyewe walianza kusakwa na wakomunisti wenzao. László Rajk wa Hungaria alinyongwa mwaka 1949, na Rudolf Slánský wa Czechoslovakia mwaka 1952, baada ya kulazimishwa kukiri makosa ambayo hawakuyatenda.

7. Hofu yafika kwetu

Mawimbi ya bahari hiyo yalitufikia. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yalipotokea, wakubwa wa Magharibi waliogopa kwamba visiwa hivyo vitakuwa Kuba ya Afrika. Ujerumani Mashariki iliitambua serikali ya Zanzibar na kuweka ubalozi huko. Ujerumani Magharibi ilikuwa na kanuni ya kutokuwa na uhusiano na nchi iliyoitambua Ujerumani ile nyingine. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964, Tanzania iliamua kuiruhusu Ujerumani Mashariki kuwa na ofisi ya konseli tu mjini Dar es Salaam. Mapema mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Mwalimu Nyerere akajibu kwamba kama msaada umekuwa njia ya kutuchagulia marafiki, basi na misaada mingine ya serikali hiyo iondolewe pia. Nchi changa ilipoteza misaada kwa ajili ya ugomvi wa ndugu wawili wa Ulaya.

8. Wafanyakazi waligawanyika, washirika walibaki pamoja

Sasa tufike penye jambo linalotuhusu sisi hasa. Mwezi wa Oktoba 1945 vyama vya wafanyakazi vya Mashariki na Magharibi viliunda shirikisho moja la dunia huko Paris. Mpango wa Marshall ulipokuja, viligombana juu ya kuukubali au kuukataa. Januari 1949 Waingereza na Wamarekani walitoka, na Desemba mwaka huo wakaunda shirikisho lao mjini London. Mgawanyiko huo ulisafiri mpaka Afrika Mashariki: shirikisho la wafanyakazi wa Kenya, lililoongozwa na Tom Mboya, lilijiunga na lile la London, na uhusiano huo ukawa moja ya sababu za mafarakano kati ya wafanyakazi wenyewe.

Shirikisho la ushirika la dunia, linalojulikana kwa kifupi kama ICA, lilianzishwa London mwaka 1895. Ndani yake walikuwamo Waingereza, ambao ndio waasisi wa Rochdale, na pia Centrosoyuz, umoja wa vyama vya walaji vya Urusi. Mkutano mkuu wake wa mwaka 1948 ulifanyika Prague, miezi michache tu baada ya wakomunisti kushika nchi hiyo. Mabishano yalikuwa makali. Wajumbe wa Magharibi waliuliza: je, chama ambacho viongozi wake wanaamriwa na serikali ni chama cha ushirika kweli? Wajumbe wa Mashariki waliuliza: je, ushirika unaweza kukaa kimya juu ya vita na amani? Walibishana miaka mingi, lakini shirikisho halikuvunjika. Uhasama ulipokwisha mwaka 1991, ICA ilikuwa bado moja.

Kwa nini? Sababu ni zaidi ya moja, lakini mbili zinatufundisha. Kwanza, kanuni zilizokubaliwa katika mkutano wa Paris wa mwaka 1937 zilitaka ushirika usifungamane na upande wowote wa siasa wala dini. Kulikuwa na sheria ya nyumba iliyoandikwa kabla ya ugomvi kuja. Pili, swali lililoulizwa juu ya mwanachama lilihusu mambo yanayoweza kuonekana: Je, wanachama wanachagua viongozi wao? Je, kila mmoja ana kura moja? Je, ziada inagawanywaje? Maswali ya namna hiyo hujibiwa kwa daftari, hayajibiwi kwa uvumi.

9. Mafunzo kwa chama cha msingi

Ndugu msomaji, chama chako hakina mabomu. Lakini kina msimu mbaya, malipo ya pili yanayochelewa, na upungufu wa magunia ghalani. Siku hiyo hofu itaingia, na mtu atasimama kusema: "Fulani ni mtu wa upande ule." Kwa hiyo:

(a) Maazimio yaandikwe kwa maneno yenye maana moja. Kama wajumbe hawajakubaliana, muhtasari useme hivyo.

(b) Anayetuhumiwa aambiwe tuhuma zake na aliyezitoa, na apewe nafasi ya kujibu mbele ya mkutano. Kumbukeni watumishi wa mwaka 1947.

(c) Anayesema "ninayo orodha" aiweke mezani. Asiye na orodha akae chini.

(d) Kabla ya kuandika taarifa juu ya upande wa pili, katibu ajiulize matendo ya upande wake yanaonekanaje kutoka kule.

(e) Vitabu vya hesabu viwe wazi kwa mwanachama yeyote. Penye vitabu vilivyofungwa, hofu ndiyo hufanya ukaguzi.

Aliyeumwa na nyoka halaumiwi kwa kushtuka. Lakini mwenye busara, akishakushtuka, huleta taa akatazama kama ni nyoka au ni ung'ongo. Dola kuu mbili zilikaa gizani zaidi ya miaka arobaini, na waliokanyagwa katika giza hilo wengi hawakuwa wao.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi

1. Taja kovu moja la Urusi na moja la nchi za Magharibi. Kila kovu liliathirije uamuzi wa mwaka 1945?

2. Linganisha taarifa ya Kennan na ya Novikov. Kila moja ilikosa nini?

3. Kuna tofauti gani kati ya kumtafuta mkosaji na kumtuhumu mtu? Toeni mifano kutoka katika vyama vyenu, bila kutaja majina.

4. Kwa nini ICA haikugawanyika? Je, masharti ya chama chenu yanayo kinga ya namna hiyo?

5. Someni muhtasari wa mkutano mkuu wenu wa mwisho. Je, liko azimio linaloweza kusomwa kwa maana mbili? Liandikeni upya.